Gagarin wangapi? Kabaila aliyenyongwa, mwanaanga, mji na kasoko ya mwezini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili, naandaa insha juu ya safari ya kwanza ya binadamu angani. Kila nikitafuta jina Gagarin naletewa mambo chungu nzima: mji wa Urusi, kasoko ya mwezini, kombe la hoki ya barafuni, mwimbaji wa kike anayeitwa Gagarina, mtaa wa St Petersburg uliokuwapo kabla ndege hazijabuniwa, na gavana wa Siberia aliyenyongwa karne tatu zilizopita. Je, hawa wote ni ukoo mmoja? Nitajuaje mahali fulani pamepewa jina la nani?

JIBU: Marahaba. Si ukoo mmoja. Jina hilo lina pande mbili ambazo hazikukutana: upande wa makabaila waliomiliki mashamba na vyeo tangu enzi za kati, na upande wa seremala wa kijiji cha Klushino ambaye mwanawe, Yuri, aliruka angani tarehe 12 Aprili 1961. Karibu kila kitu ulichokitaja kinatokana na upande mmojawapo. Kuwatenganisha si kazi ya kubahatisha. Angalia kwanza mwaka ambao mahali palipewa jina, kisha angalia jina lenyewe limeandikwaje.

Tuanze na makabaila kwa kuwa ndio wa kale. Akina Gagarin wa upande huo ni tawi la watawala wa Starodub, nao wanahesabu nasaba yao hadi kwa Rurik, yule ambaye nasaba ya kwanza ya watawala wa Urusi imepewa jina lake. Katika tawi hilo kulikuwa na watu waliobandikwa jina la utani Gagara, ndege mmoja wa majini. Kirusi kina kawaida ya kugeuza jina la utani linaloishia na «a» kuwa jina la ukoo kwa kuweka «in» mwishoni, na ndivyo wajukuu wa Gagara walivyoitwa Gagarin. Jina la utani linaloishia kwa konsonanti huongezewa «ov» au «ev», kama Ivanov. Likumbuke hilo, maana linaeleza kwa nini jina lile lile linaweza kuzuka sehemu mbili bila undugu: popote alipokuwapo mtu aliyetaniwa Gagara, watoto wake waliweza kuishia kuitwa Gagarin.

Huyo gavana aliyenyongwa ni Matvey Petrovich Gagarin, na mambo yake yanastahili kusimuliwa hata kama hayataingia kwenye insha yako. Peter Mkuu, Tsar (yaani mfalme) wa Urusi, alimpa jimbo la Siberia, eneo kubwa kuliko nchi nyingi za leo, na makao yake yakawa Tobolsk. Kwa miaka kadhaa alikuwa mmoja wa watu matajiri kabisa wa dola. Yeye ndiye aliyempelekea Peter vito vya dhahabu vilivyochimbuliwa kwenye makaburi ya kale ya nyika za Siberia. Vito hivyo vingalipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Hermitage na wataalamu wa mambo ya kale wanavithamini mno. Hata hivyo zawadi hazikumwokoa. Alituhumiwa kuiba mali ya serikali na kujinufaisha na biashara ya China, akaondolewa madarakani mwaka 1719, akachunguzwa, na mwezi Machi 1721 akanyongwa St Petersburg mbele ya jengo la wizara ya sheria, Tsar mwenyewe akishuhudia. Mwili haukushushwa. Uliachwa uning'inie kwa miezi ili kila mtumishi wa serikali aupitie, na kamba ilipoanza kuoza Peter akaagiza uning'inizwe kwa mnyororo.

Ukoo haukuisha naye. Karne iliyofuata walijaa tena katika ofisi kubwa na katika sanaa. Grigory Grigoryevich Gagarin (1810–1893) alikuwa mchoraji maarufu aliyechora sana maisha ya Kaukazi, akafika kuwa makamu wa rais wa Akademia ya Sanaa. Mwanawe, Andrei Grigoryevich, alikuwa mhandisi na mkuu wa kwanza wa chuo cha Politekniki cha St Petersburg. Ivan Sergeyevich (1814–1882) aliacha utumishi wa ubalozi, akawa padre Mjesuiti, akafia Paris.

Ila wa muhimu zaidi kwako ni Pavel Pavlovich Gagarin (1789–1872). Ndiye aliyeongoza Kamati ya Mawaziri chini ya Tsar Alexander II. Utumwa wa wakulima ulipofutwa mwaka 1861, wakulima walitakiwa kulipia ardhi waliyopewa, kwa mafungu ya miaka mingi. Pavel Gagarin alipendekeza njia ya mkato: mkulima akikubali robo tu ya kipimo cha juu cha ardhi ya eneo lake, aipate bure papo hapo na asidaiwe kitu. Mwenye shamba akabaki na robo tatu. Wakulima wengi walioukubali mpango huo walijikuta na kijishamba kisichotosha kulisha nyumba, na wenyewe wakakiita kipande cha maskini, cha yatima, au kipande cha Gagarin. Kwa hiyo miaka mia moja kamili kabla ya Yuri kuruka, jina Gagarin lilikuwa midomoni mwa wanakijiji wa Urusi, na halikutajwa kwa sifa.

Sasa Yuri. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1934 Klushino, magharibi ya Moscow kuelekea Smolensk. Baba yake, Aleksei Ivanovich, alikuwa seremala. Mama yake, Anna Timofeyevna, alifanya kazi kwenye ng'ombe wa maziwa wa shamba la ushirika. Wajerumani walikiteka kijiji mwaka 1941, wakawatoa ndani ya nyumba yao, na familia ikaishi kwenye handaki lililochimbwa uani hadi mwaka 1943. Baada ya vita Aleksei aliibomoa nyumba gogo kwa gogo, akaihamishia mjini Gzhatsk na kuisimamisha tena.

Swali lako, kwa taarifa yako, si geni. Yuri mwenyewe aliulizwa siku tatu tu baada ya kutua, katika mkutano na waandishi wa habari uliofanyika Moscow tarehe 15 Aprili 1961 kwenye Nyumba ya Wanasayansi. Magazeti ya nchi za Magharibi yalikuwa yameshaanza kuandika kwamba mwanaanga wa dola ya wafanyakazi na wakulima ni kitukuu wa makabaila. Alijibu kwamba wazazi wake, na babu na bibi zake, walikuwa wakulima maskini, na kwamba katika jamaa zake hakuna makabaila wala watu wa vyeo vya kurithi. Unaweza kusema kwamba mwanajeshi wa Kisovieti wa mwaka 1961 asingeweza kujibu vinginevyo, na ni kweli. Lakini jibu lake linalingana na maisha ya familia yake yanayojulikana, na linalingana pia na namna majina ya ukoo yalivyowafikia watu wa vijijini.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoteleza. Hadi mwaka 1861 mamilioni ya wakulima wa Urusi walifungwa kwenye ardhi ya bwana. Waliweza kuuzwa nayo, na wakati mwingine bila hiyo ardhi. Mkulima wa namna hiyo alitambulika kwa jina lake na la baba yake, na wengi hawakuwa na jina la ukoo lililoandikwa popote. Majina hayo yaliwafikia polepole: kwa daftari la jeshi, kwa pasi ya kwenda kutafuta kazi mjini, na kwa sensa kubwa ya mwaka 1897, ambamo karani alitaka kila nyumba iwe na jina. Aliyeulizwa «wewe wa nani?» alijibu alivyojua. Mmoja alitaja jina la babu, mwingine jina ambalo kijiji kilimtania baba yake, mwingine jina la bwana aliyewahi kuwamiliki wazee wake. Kwa hiyo mtu mwenye jina la kikabaila nchini Urusi anaweza kuwa mjukuu wa kabaila, mjukuu wa mtu aliyekuwa mali ya kabaila, au mtu ambaye hakuwahi kuwa na uhusiano wowote na kabaila huyo. Jina peke yake haliwezi kukuambia lipi kati ya hayo matatu. Ukitaka kujua, utahitaji vitabu vya ubatizo na madaftari ya kodi, kizazi baada ya kizazi.

Kwetu mbona tunalielewa hili bila kufundishwa? Ukimsikiliza Profesa PLO Lumumba wa Kenya huwezi kudhani kwamba ni mtoto wa Patrice Lumumba wa Kongo, na ukipita Mtaa wa Lumumba Dar es Salaam au Lumumba Avenue ya Kampala huwezi kufikiri kwamba ukoo wa Lumumba uliwahi kumiliki viwanja pale. Unajua mtu mmoja aliuawa mwaka 1961 na jina lake likasambaa. Moscow yenyewe ina chuo kikuu ambacho kilipewa jina lake mwezi Februari mwaka huo huo, majuma machache kabla ya safari ya Gagarin. Waafrika Mashariki wengi wamesomea pale. Jina likaondolewa mwaka 1992 na kurudishwa mwaka 2023.

Tukigeukia mahali, fuata miaka. Mji unaouona kwenye ramani, Gagarin katika mkoa wa Smolensk, ni ule ule Gzhatsk ambao familia ilihamia baada ya vita. Ulibadilishwa jina mwezi Aprili 1968. Pengine umejiuliza kwa nini haikuwa mwaka 1961, dunia nzima ilipokuwa inamshangilia. Sababu ni amri ya Septemba 1957. Enzi za Stalin viongozi walijipachika kwenye miji wakiwa hai, na kila mmoja wao alipoanguka, ramani iliaibika: mji wa Perm, kwa mfano, uliitwa Molotov kuanzia 1940 hadi Molotov alipofukuzwa kwenye uongozi mwaka 1957. Ndipo Moscow ikaamua kwamba wilaya, miji, viwanda na taasisi zitapewa majina ya watu waliokwisha kufa tu. Yuri alikufa tarehe 27 Machi 1968 katika ndege ya mafunzo aina ya MiG-15, pamoja na rubani Vladimir Seryogin, akiwa na miaka 34. Katika majuma na miezi iliyofuata jina lake likabandikwa kwenye Gzhatsk, kwenye kituo cha mafunzo ya wanaanga karibu na Moscow, kwenye chuo cha jeshi la anga cha Monino na kwenye uwanja mkubwa wa barabara ya Leninsky mjini Moscow, ambako mwaka 1980 ilisimamishwa sanamu yake ya titani yenye urefu wa zaidi ya mita 40.

Kuna jambo moja hapo linalonifurahisha kila nikilifikiria. Gzhatsk ilianzishwa kama bandari ya mtoni, kwa amri ya Peter Mkuu mwaka 1719, ili nafaka isafirishwe hadi St Petersburg. Mwaka huo huo Peter alikuwa anamvua Matvey Gagarin ugavana. Angeambiwa kwamba siku moja bandari yake itaitwa Gagarin, sijui angemwita nani kwanza, karani au mnyongaji.

Mitaa ndiyo yenye mitego. St Petersburg ina mtaa wa Gagarinskaya, katikati ya jiji, karibu na mto Neva. Huo ndio uliokutana nao, na ni wa makabaila, waliokuwa na mali zao ufukweni pale. Wakati wa Usovieti ulipewa jina la mwandishi Furmanov, kisha ukarudishiwa jina la kale. Jiji hilo hilo, upande wa kusini, lina barabara pana inayoitwa Yuri Gagarin, kwa majina mawili. Jina la kwanza limewekwa makusudi ili mtu asichanganye. Moscow ni mbaya zaidi. Kichochoro cha Gagarinsky kiko mjini kati, karibu na Prechistenka, na jina lake ni la kabaila aliyekuwa na nyumba pale karne ya 18. Wilaya ya Gagarinsky iko kusini-magharibi, kwenye ule uwanja wenye sanamu, nayo ni ya mwanaanga. Herufi ni zile zile, mji ni ule ule, watu tofauti. Hapo hakuna kinachokusaidia isipokuwa tarehe.

Nimesema uangalie pia namna jina lilivyoandikwa, nalo ndilo linalomhusu yule mwimbaji wako. Jina la ukoo la Kirusi hubadilika kwa mwanamke: kaka ni Gagarin, dada ni Gagarina. Polina Gagarina, aliyeshika nafasi ya pili kwenye mashindano ya Eurovision mwaka 2015, ana jina hilo tu. Mabinti wa Yuri ni wengine: Elena, mwanahistoria wa sanaa aliyekabidhiwa uongozi wa makumbusho ya Kremlin mwaka 2001, na Galina, mchumi. Katika maandishi rasmi utawaona kama Elena Yuryevna na Galina Yuryevna, maana Mrusi huwekewa jina la baba katikati. Hicho ndicho chombo bora kabisa cha kutenganisha watu wa jina moja. Yuri ni Alekseyevich, gavana ni Petrovich, mchoraji ni Grigoryevich. Katika insha yako taja jina hilo la katikati mara ya kwanza, na hutamchanganya msomaji.

Lakini ukiona kwenye ramani «ulitsa Gagarina», usikimbilie kuandika kwamba ni mtaa wa Polina au wa mwanamke yeyote. Ile «a» ya mwisho hapo ina maana ya umilikaji, yaani mtaa wa Gagarin. Nimewahi kusoma tafsiri iliyomgeuza mwanaanga kuwa mwanamke kwa kosa hilo. Na ukiona Gagarino, yenye «o», mara nyingi ni kijiji, na vijiji vya namna hiyo kwa kawaida ni vya zamani. Kimoja kiko mkoa wa Lipetsk, kando ya mto Don wa juu, na wachimbuaji wa mambo ya kale wanakijua kwa sanamu ndogo za wanawake zilizochongwa kwa pembe ya mamothi, mnyama wa kale wa jamii ya tembo, zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Zilianza kuchimbuliwa miaka ya 1920, Yuri hajazaliwa.

Vilivyobaki katika orodha yako ni vya Yuri, na havina utata. Kasoko ya Gagarin iko upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani, ina kipenyo cha zaidi ya kilomita 250, na jina lilithibitishwa mwaka 1970. Asteroidi namba 1772 ni yake. Kombe la Gagarin hushindaniwa na timu za hoki za ligi ya KHL tangu msimu wa 2008/09; yeye hakuwa mchezaji wa hoki, waandaaji walitaka tu jina linaloheshimika kote katika nchi zilizokuwa za Usovieti. Uwanja wa ndege wa Saratov, mkoa aliosomea ufundi na ambako pia alitua baada ya dakika 108, ulifunguliwa mwaka 2019 kwa jina lake. Kule Baikonur, Kazakhstan, jukwaa alilorushiwa linaitwa Mwanzo wa Gagarin, ingawa Sputnik, satelaiti ya kwanza, ilirushwa papo hapo mwaka 1957. Roketi ya mwisho yenye watu iliondoka pale Septemba 2019. Kuna mji wa Gagarin Uzbekistan, mkoa wa Jizzakh, na kijiji cha Gagarin Armenia karibu na ziwa Sevan. Kulikuwa hata na meli, Kosmonavt Yuri Gagarin, yenye urefu wa zaidi ya mita 230, iliyofuatilia vyombo vya angani kutoka baharini tangu 1971. Usovieti ulipovunjika ikakosa mlezi, ikauzwa na kukatwakatwa vyuma India mwaka 1996.

Orodha hii inaendelea kupungua. Ukraine imekuwa ikiondoa majina ya Kisovieti, na kasi iliongezeka baada ya uvamizi wa 2022. Barabara ya Yuri Gagarin mjini Kyiv sasa ina jina la Leonid Kadenyuk, mwanaanga wa kwanza wa Ukraine huru, aliyeruka na chombo cha Marekani Columbia mwaka 1997. Ukitumia ramani ya zamani ya Kyiv, au ya mji mwingine wowote wa Ukraine, hakikisha mwaka wake kabla hujaandika kwamba mtaa fulani «unaitwa» Gagarin.

Mwisho, nimeona rasimu yako inasema Gagarin alizaliwa katika wilaya ya Gagarin, mkoa wa Smolensk. Vitabu vingi vinaandika hivyo kwa mgawanyo wa leo, lakini mwalimu wako akiwa mkali atakukata alama. Mwaka 1934 hakukuwa na wilaya ya jina hilo, wala mkoa wa Smolensk haukuwa umeundwa. Ulikuja mwaka 1937. Andika hivi: kijiji cha Klushino, wilaya ya Gzhatsk, Mkoa wa Magharibi.